Upepo wa Naro Moru

Nimechoka kuchekwa, basi acha nisimulie kisa hiki mwenyewe. Siku ya kununua gari nilimuuliza muuzaji ukubwa wa injini. Akanijibu, "Inavuta kama ya lita mbili." Hilo "kama" sikulisikia.

Tangu hapo nikawa mwalimu wa injini hapa Naro Moru. Shemeji yangu Kariuki ana gari dogo la turbo, kile kifaa kinachopulizia injini ndogo hewa ipate nguvu, na kila Jumapili nilimwambia hiyo ni injini ya kukatia ng'ombe nyasi.

Juzi nilimpeleka mama mkwe kanisani. Kwa heshima, huwa hanisemeshi ovyo. Kwenye mlima gari likapiga kafilimbi kake, akashtuka. Nikamtuliza, "Ni upepo tu, Mama."

Tulipofika nikaanza tena kumsuta Kariuki mbele ya wazee. Akasema, "Si ufungue boneti basi, tuone hiyo kubwa." Nikafungua kwa madaha. Juu ya injini, kwa herufi nene: TURBO 1.2.

Mama mkwe akainama, akachungulia, akauliza taratibu, "Baba Wanja, kumbe ule upepo unakaa hapa?"