Gauni Limerudi, Mke Hajarudi

Wateja walimwita Kuliachini, na jina alilopewa na mamake lilishasahaulika. Alikuwa dobi. Shati la mirabamiraba likifika mezani pake, pasi ilitembea kwa kusitasita, maana kila mraba aliuona unangoja herufi. Mvuke ukipanda, irabu zilielea ndani yake, A nono, I nyembamba kama mwanafunzi wa bweni, naye akazisindikiza kwa macho mpaka dirishani. Hapo ndipo kola za watu zilipoungulia.

Kila Jumamosi gazeti lilileta chemshabongo, vidokezo vya kwenda kulia na vya kwenda chini. Aliijaza pamoja na mkewe, mshona vifungo wa hapohapo dukani: mume akiwaza, mke akijibu. Jumamosi moja mke alikuwa sokoni. Kidokezo kilisema: "Hukimbia porini, hukaa juu ya nyumba. Herufi tatu." Dobi akalitumbukiza gauni la sufu la mkewe kwenye maji ya moto, akasimama na kijiti cha kukorogea, akaondoka kimawazo. Alizurura porini. Alipanda juu ya nyumba kadhaa. Aliporudi na kupiga kelele "Paa!", gauni nalo lilikuwa limerudi. Limerudi kwa lugha ya madobi: limenywea, limefupika, linamtosha mwanasesere.

Mke akaliinua kwa vidole viwili.

"Hili ni gauni au soksi?"

"Limerudi kidogo tu, mke wangu."

"Kidogo? Haya. Gauni limerudi, mimi naenda."

Akaenda kwa dadake, mtaa wa tatu, na mkoba mmoja.

Wiki tatu zikapita. Dobi alifua, akapiga pasi, akalala upande wake wa kitanda kama mtu aliyekodishiwa nusu. Alipiga simu mara moja kuomba radhi, akapokea shemeji yake.

"Dada anakula."

"Mwambie nasubiri."

"Shemeji, anakula taratibu sana." Simu ikakatwa.

Basi akachukua penseli. Mkewe angeweza kumkosa mume Jumamosi, lakini si chemshabongo. Akachora miraba, akatunga vidokezo, akatia sahihi ya Kuliachini pembeni, na katikati, nne chini, akaweka moyo wake wote: "Gauni likifanya hivi, kilio, mke akifanya hivi, kicheko. Herufi nne." Jibu lilikuwa RUDI. Mhariri wa ukurasa ule, mteja wake wa mashati yenye madoa ya chai, aliipokea bila kuisoma, kama wahariri wanavyopokea kila kitu cha bure.

Jumamosi chemshabongo yake ikatoka gazetini. Dobi akaisoma huku akitembea kati ya mashuka mabichi kambani, kama mtu aliyeingia mawinguni bila kubisha hodi. Alipofika nne chini, aliisoma mara mbili. Aliyepanga ukurasa alikuwa amebadilishanisha vidokezo viwili. Chini ya RUDI palikaa kidokezo kingine: "Mwenye nyumba akimchoka mpangaji, humwambia hivi." Na ombi lake la mapenzi lilikuwa limehamia kumi na moja kulia, ambako miraba minne ilidai jibu moja tu: HAMA.

Yaani alikuwa amemtangazia mkewe, mbele ya wasomaji wote, kwamba mke akihama ni kicheko.

Jina lake likamtimia: akakaa chini, akaanza kulia.

Kabla ya adhuhuri mlango ulisukumwa. Mkewe huyo, gazeti kwapani, penseli kwenye nywele, mkoba mkononi.

"Nihame, siyo? Nihame ucheke?"

"Mke wangu, wamechanganya..."

"Nyamaza! Nimejaza zote zinazoingiliana, nikidhani labda nimekosea. H, A, M, A! Sasa nisikilize, wewe Kuliachini: sihami. Hapa ni kwangu. Nimekuja kukaa, na ukitaka kucheka, cheka!"

Dobi hakuwahi kubanwa na kicheko kiasi kile, wala kukiogopa kiasi kile. Mke akajitupa kwenye kiti chake cha vifungo, akafungua gazeti.

"Na kutunga kwenyewe hujui. Tazama hii nne chini. Eti mwenye nyumba akimchoka mpangaji, humwambia... nimepata 'rudi'. Rudi! Mwenye nyumba gani huyo, ana wazimu..."

Penseli ikatoka nne chini, ikasafiri polepole mpaka kumi na moja kulia, ikageuka, ikarudi nne chini. Uani, maji yalidondoka kutoka kwenye mashuka, tone baada ya tone, bila haraka.

"Si ungekuja tu kugonga mlango," alisema mwishowe. "Mtaa wa tatu."

"Ningesema nini?"

"Hilohilo. Herufi nne."

Dobi akafungua mdomo. Herufi zikamwelea kichwani, nyingi, nyepesi, akazikamata moja moja.

"Rudi."

"Sijasikia."

Akasema tena, akaambiwa tena hajasikika, akarudia na kurudia, mpaka mteja aliyefuata suruali yake akadhani dobi anafundishwa kusoma.