Kabati la Chini ya Ngazi

Shimba wa Kisesa alifundishwa useremala na mafundi wa misheni. Alipohamia Mwanza mjini, mwaka 1936, alikuwa na msumeno wake mwenyewe, randa mbili na jozi moja ya viatu. Mjini alijiita Fundi Josephat. Wateja walipomuuliza kwao ni wapi, alisema alizaliwa misheni, na kwamba mama yake huwashonea mapadri kanzu. Ukweli ni kwamba mama yake, Mbuke, alikuwa mjane mfuga ng'ombe. Hakuwahi kukalia cherehani wala kuingia kanisani.

Kazi iliyompa jina aliipata kwa Jasuben, mke wa mnunuzi wa pamba. Nyumba yao ilikuwa ya ghorofa, duka chini, familia juu. Chini ya ngazi palikuwa na pembe ya giza iliyojaa madebe matupu, vumbi la mkaa na panya.

"Fundi, hapa pananimezea vitu," Jasuben alimwambia. "Nikiweka kitu leo, kesho sikioni. Patengeneze unavyojua wewe."

Shimba alipima siku nzima kabla ya kukata hata ubao mmoja. Pale ngazi inapokaribia sakafu, mahali ambapo hata paka angeinama, aliweka droo za viatu. Katikati akapanga rafu za unga, mchele na samli, zikipanda kufuata ngazi. Upande wa juu, ambako mtu aliweza kusimama, akajenga kabati la magodoro ya wageni, akalitia mlango na kuutoboa matundu madogo ili hewa ipite. Mbao zote zilikuwa za mninga, kwa sababu ya mchwa. Kazi ilichukua wiki tatu. Jasuben alifurahi mno, akawaalika wanawake wa mtaa ule waje kuiona Jumamosi alasiri.

"Wakiipenda, utakuwa na kazi mwaka mzima," alimwambia Shimba.

Jumamosi hiyo Shimba alikuwa akisugua mlango kwa kitambaa, mama yake akatokea mlango wa nyuma. Alikuwa ametembea kutoka Kisesa tangu alfajiri, akiulizia njia nzima alipo seremala anayejenga kwa mnunuzi wa pamba. Kaniki yake ilinuka moshi na samli, miguu ilikuwa na vumbi hadi magotini. Alibeba kibuyu cha maziwa kichwani, na kuku kwapani.

"Mayu!" Shimba alimwita mama kwa Kisukuma. Hakukumbuka hata kumwamkia.

"Nimesikia una kazi kubwa, mwanangu. Nikasema nije nione mikono yako imefanya nini."

Sauti za wageni zilikuwa zimekwisha kufika dukani. Miaka mingi baadaye Shimba alipenda kusema kwamba hakupata nafasi ya kufikiri. Halafu alikuwa akijisahihisha: alifikiri. Alizifikiria zile kanzu za mapadri.

"Mayu, ingia humu kidogo."

Mbuke alilitazama kabati. "Ndilo hili ulilolitengeneza?"

"Ndilo."

Alipitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, kama anavyompapasa ndama. Akatabasamu, akaingia na vitu vyake, akaketi na kukunja miguu. Alidhani anaonyeshwa kazi ya mwanawe. Shimba akafunga mlango.

Wanawake walikuja watatu. Mkubwa wao, Sushila, alivuta droo moja moja, akaichungulia kila rafu. Walikuwa wakisifu samli ilivyokaa vizuri, kuku akalia ndani ya kabati. Jasuben akavuta mlango.

"Fundi, huyu ni nani?"

Mbuke alimtazama mwanawe, uso umejaa furaha, akingoja kutambulishwa.

"Ni muuza maziwa, Bibi," Shimba alisema. "Jua lilimzidi, nikamwambia apumzike."

Kiswahili cha Mbuke kilikuwa kidogo, lakini neno maziwa alilijua, na uso wa mwanawe aliujua zaidi. Tabasamu lilimtoka. Akainuka, akatoka na kibuyu chake.

"Ndiyo," alisema. "Nauza maziwa."

Jasuben akaleta sufuria. Mbuke akamimina yote, akakitikisa kibuyu mpaka tone la mwisho. Akapokea senti zake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akatoka kwa mlango wa nyuma na kuku wake. Shimba alibaki amesimama na kitambaa mkononi. Sushila alikuwa akimwambia kwamba kwake anataka kama hilo hilo, lakini liwe kubwa zaidi.

Wageni walipoondoka, Shimba alikimbia. Alimkuta mama yake huko Nyakato, nje ya mji, ameketi juu ya jiwe kando ya barabara ya Kisesa. Akapiga magoti mbele yake kwenye vumbi.

"Mayu, nisamehe."

"Umekula?" mama alimuuliza.

"Bado."

"Yale maziwa yalikuwa yako."

Shimba alilia. Alimsihi warudi mjini, alale chumbani kwake, kesho amtembeze.

"Nirudi nikauze nini?" Mbuke alisema. Hakusema kwa hasira. Akamkabidhi kuku, akajitwika kibuyu kitupu, akaenda zake.

Jumatatu Shimba alimweleza Jasuben kila kitu, akitazama sakafu.

"Watoto wangu waliyanywa maziwa yale," Jasuben alisema. "Ya mtoto wa mama mwenzangu. Nenda ukamlete, Fundi. Aingie mlango wa mbele, nimpokee mimi mwenyewe."

Shimba alikwenda Kisesa mara mbili. Mbuke alimpokea vizuri, akampikia, akaulizia afya ya wateja wake, lakini mjini alikataa kwenda. Safari ya pili majirani walikuja kumwona mgeni, na mmoja akauliza kama ni kweli kijana huyu huwajengea Wahindi makabati mazuri.

"Ni kweli," Mbuke alisema. "Moja nimekaa ndani yake mimi mwenyewe, ndani kabisa."

Majirani wakacheka kwa kupendezwa. Shimba aliliweka tonge alilokuwa amelishika, na hakuweza kumtazama mtu yeyote mle ndani.