Mama Aliyesikika Gitaa Liliponyamaza

Haya yalinipata mimi mwenyewe, jua likiwa bado linaonekana, sijalewa wala sina homa. Ukitaka kucheka, cheka tu. Mke wangu naye alicheka kwanza, mpaka baba yake alipofungua mdomo.

Mimi ni mpiga gitaa, nakaa Mandewa. Gitaa langu si la umeme. Ni la nyuzi za nailoni, linapigwa kwa vidole vitupu, na mtindo huo wa klasiki nilifundishwa na mwalimu mmoja wa kwaya kule Kilimatinde. Kwenye sherehe watu walinipendea kasi. Wimbo mmoja nilikuwa naujaza noti mpaka usipate pa kupitisha sindano.

Kiangazi kimoja nilikuwa nakwenda Itigi kupiga kwenye sendofu ya kumuaga mdogo wake mke wangu aliyekuwa anaolewa. Nikiwa ndani ya basi, mke wangu Rehema, ambaye alikuwa ametangulia, akanipigia simu analia. Baba yake haonekani tangu jana. Mzee huyo alikuwa mrina asali wa siku nyingi, ila kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kupotea. Aliaga anakwenda kuangalia mizinga yake, hakurudi. Sijui kama unavijua vichaka vya Itigi. Usidhani ni msitu wa miti mirefu unaopita chini yake. Ni vijiti vilivyoshonana, vyote vinafanana, ukigeuka mara mbili hujui ulikotoka. Na maji hakuna.

Shemeji yangu Yohana, kaka yake Rehema, alinipokea kwa pikipiki tukaenda moja kwa moja vichakani. Gitaa sikuwa na pa kuliacha, likabaki mgongoni. Tulikuta watu wengi wanapuliza filimbi, wanapiga madebe, pikipiki zinapiga honi, kila mtu anaita jina la mzee. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Yohana akaninong'oneza, Rehema aliyekuwa kati yao asisikie, kwamba usiku mwingine bila maji mzee hataumaliza.

Tukagawana njia. Mimi nikashika ya warina asali, nikaita mpaka koo likakauka. Makelele ya wenzangu yakabaki mbali. Miguu ilipokataa nikakaa juu ya gogo, nikatoa gitaa. Nilifikiri labda mzee akilisikia atalitambua, maana kila nikienda kwake huniambia nimpigie.

Nikaanza wimbo anaoupenda, kwa kasi yangu yote. Nilipoinua macho, mama mmoja alikuwa amekaa ng'ambo ya njia, kitenge kichwani, miguu ameinyoosha kama mtu aliye nyumbani kwake. Sikuwa nimesikia hata kijiti kuvunjika. Nikamwamkia shikamoo huku vidole vinaendelea. Midomo yake ikacheza. Sauti haikutoka.

Nikadhani ni bubu. Nikaendelea kupiga, naye akawa anasema maneno marefu, naona ulimi, naona meno, sisikii kitu. Niliposimamisha mkono ndipo sauti yake ikaja, katikati ya maneno: "...nafasi humwachii." Hapo kidole changu kikateleza kikagusa uzi mmoja, na sauti yake ikakatika palepale, kama redio iliyozimwa. Niamini. Uzi ulipotulia, sauti ikarudi.

Ningekimbia, lakini nikimbilie wapi, na mzee wa watu yuko humo ndani? Nikalaza kiganja juu ya nyuzi zote.

"Marahaba," akasema, kana kwamba nimemwamkia sasa hivi. "Anawajibu tangu mchana, mnamfunika. Piga moja, umngoje."

Nikamuuliza ni nani anayejibu. Alinionyesha gitaa kwa kidevu tu.

Nikagusa uzi mnene kwa nyama ya kidole gumba. Sauti moja. Sikuongeza. Unajua ilivyo kazi kwa mtu kama mimi kutoongeza? Ile noti ikatoka, ikatandaa kwenye vijiti, ikapungua, ikawa nyembamba, na mpaka leo sijui iliishia wapi na kimya kilianzia wapi. Maishani mwangu sikuwahi kupiga kitu kizuri namna ile. Ndani ya kimya kile nikasikia jani linakwaruza, nikasikia nyuki mmoja anapita, nikasikia moyo wangu. Halafu mbali, upande wa kulia: ko.

Nikapiga tena, nikangoja. Ko, ko. Mti unagonga mti.

Niligeuka nimwambie yule mama. Hakuwepo. Vumbi alilokalia lilikuwa sawasawa, halina alama ya nguo wala ya kisigino.

Sikukaa kuchunguza. Nikajipenyeza vichakani, miiba inanichana, nasimama, nagusa uzi mmoja, nangoja, nafuata. Mlio ule ulikuwa unazidi kufifia, nikaogopa kweli. Mwisho nikamkuta baba mkwe ameegemea mti, mzinga ulioanguka uko mapajani mwake, anaugonga kwa kijiti. Koo lilikuwa limemkauka, hawezi kuita. Nilimkumbatia nikalia kama mtoto. Yohana na wenzake walipofika na maji, yeye ndiye aliyekuwa anatubembeleza sisi.

Nyumbani, mzee akiwa amelala kitandani na kikombe cha uji, nilimsimulia Rehema habari za yule mama. Akacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akasema jua limenipiga. Baba yake akageuza uso.

"Kwani mmemwacha wapi?" akauliza. "Nilikuwa nagonga, hamsikii. Akaniambia nipumzike, anamfuata mwenye gitaa."

Rehema hakucheka tena.

Sendofu ilifanyika, mzee akakaa mbele na suti yake. Siku hizi napiga taratibu, noti chache, na kimya nakiacha kiende mpaka mwisho wake. Wapo waliopunguza kunialika, wanasema nimezeeka mapema. Sijali. Nikipiga kwa baba mkwe, kumbukumbu zake nyingi zimeshaondoka, lakini kila ninaponyamaza huwa anageukia pembeni anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa jambo. Mimi sisikii kitu. Nawaacha wamalize ndipo nigonge uzi unaofuata.

Kwa hiyo wewe, ukipotelewa na mtu katika vichaka vile, piga madebe, puliza filimbi, sikukatazi. Lakini nyamazeni wote kwa pamoja, mngoje. Na ukimwona mama usiyemjua amekaa kando ya njia, midomo inacheza na sauti haitoki, usikimbie na usipaze sauti. Zima kwanza unachokipiga. Huenda anakuambia mtu wako yuko wapi.