Isale kwenye Machimbo ya Mawe

Wiki iliyopita niliwaona watalii wakizunguka machimbo ya zamani ya mawe, huko Old Moshi, nikakumbuka mchana ambao ukuta wa machimbo uliporomoka ukamfukia baba.

Wanaume walichimba kwa sululu. Mama alinishika mkono tukaanza kulizunguka shimo, vumbi likinuka baruti, naye ameinua jani la isale. Nilidhani anafukuza nzi. Sasa najua kwamba asubuhi walikuwa wamegombana, na kwetu anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe.

"Mama, hapa tumeshapita."

"Muite baba yako. Wewe hujamkosea."

Niliita. Tulizunguka tena, na tena. Walipomtoa, mama alimwekea jani kifuani, akaketi chini. Mimi niliendelea kumwita, kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache.