Masikio na Gia Iliyogoma

Jina la Fundi Masikio alipewa na wateja. Siku moja gari lilipita nje ya gereji, naye kainamia injini nyingine, akasema, "Beringi ya nyuma hiyo," na kweli ikawa hiyo. Sasa masikio yenyewe yalikuwa yakimtoroka, na hakumwambia mtu. Nani atampelekea gari Masikio asiyesikia? Bahati yake duka la vipuri la mkewe lilikuwa mlango wa pili, na siku hizi kila akienda kuomba kitu, alikikuta kaunta kinamsubiri.

Asubuhi moja gari la mkunga lilikuja likivutwa, magurudumu ya mbele yameinuliwa. Gia yake ya otomatiki imeganda kwenye P, ile ya kuegesha, na mchana mkunga ana zamu.

Masikio akafungua kava ya gia. Mle ndani mna kifuli kidogo cha umeme: ukikanyaga breki kinavuta pini yake, tak, na gia inapata ruhusa ya kutoka.

"Kanyaga breki, mama."

Kimya. Basi kifuli kimekufa. Akachukua kipya kwa mkewe. Kimya. Akachukua kingine, kimya vilevile.

"Mama Watoto," akang'aka, "unaniuzia takataka?"

Mkewe akaja, akaketi kiti cha abiria, mkunga akakanyaga tena.

"Kinalia hiki, Baba Watoto."

"Hata kile cha kwanza kililia," mkunga akasema kwa upole. "Nilidhani fundi anajua zaidi."

Aibu ilimshuka Masikio mpaka miguuni. Ubishi anao, tena wa kugawia mtaa mzima, lakini angebisha, gari la watu lingebaki pale pale.

"Mtu akiwa karibu namsikia, ila milio kama hii sisikii tena," akasema. "Mwaka wa pili huu."

"Tunajua. Nakuita kula mara nne nne, ulidhani naimba?"

Mkunga ndiye aliyeanza kucheka. Masikio akafuata, akacheka mpaka machozi, moyo mweupe.

Kisha akaweka kidole juu ya kifuli. Breki ikakanyagwa, kifuli kikamdunda kidoleni. Kizima kabisa, maskini. Akabonyeza kitufe cha mkono wa gia huku akipapasa chini yake. Hapo pana kijiti ambacho kitufe hukisukuma ili king'oe jino la gia kwenye pengo lake. Hakikusogea, klipu inayokishika ilikuwa imekatika. Akaweka nyingine, mkono ukashuka laini mpaka R, na mkunga akarudi kinyumenyume getini akipunga mkono.

Nje likapita gari likipiga yowe. Masikio aliona watu wakigeuka, yeye hakusikia kitu.

"Lina nini lile?"

"Mkanda wa injini," mkewe akajibu.

"Basi kuanzia leo uwe unanisikilizia."

Mkewe akacheka kidogo. "Kwani hivyo vipuri unavyovikuta kaunta, ulidhani vinajipanga vyenyewe?"