Nilivyoisafisha Sauti Mpaka Ikaingia kwenye Posa ya Jirani

Nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu, maana kata yetu nzima ya Likombe wanayo, na kila anayeisimulia anaongeza la kwake, mpaka kuna mmoja nilimsikia gengeni akisema eti nilikatika kiuno kabisa mbele ya wazee (sikukatika, niliinama tu), kwa hiyo acheni niwape ilivyokuwa, aibu yangu niitoe mwenyewe kwa mdomo wangu, na mkishacheka tuendelee na mengine.

Mnajua kazi yangu ni kuchambua korosho kiwandani, kutwa nzima nipo mezani natenga nyeupe na zenye madoa, nzima na zilizovunjika, na nadhani kazi hiyo imeniharibu, maana hata nyumbani siwezi kuvumilia kitu chenye doa. Redio yetu ni ile kubwa ya zamani, ya spika mbili za mbao, mume wangu Baba Nasra aliachiwa na kaka yake, na kwa miaka ilikuwa pambo tu la kutandikia vitambaa, mpaka siku niliponunua mjini kidude kidogo cha blututhi, kile unachokichomeka nyuma ya redio halafu muziki unatoka kwenye simu bila waya. Kikafanya kazi, lakini sauti ilikuwa inakwaruza, inakatika, besi hakuna, mwimbaji kama anaimbia ndani ya ndoo. Mwingine angeshukuru Mungu akanyamaza. Mimi nikaanza kusoma mtandaoni na kuwasumbua mafundi wa mjini, nikajifunza kwamba kidude kisifichwe nyuma ya mabati ya redio bali kitolewe mbele kwenye hewa, kwamba sauti ya simu uipandishe juu kabisa ndipo upunguzie kwenye redio, kwamba muziki wenyewe uupakue ule wa ubora wa juu hata kama unakula bando, na kwamba nyaya za spika moja zikichomekwa kinyume besi inapotea yote. Nikayafanya, doa moja baada ya jingine, mpaka jioni moja Baba Nasra akaniambia, "Sasa hata mwimbaji akivuta pumzi namsikia," nami nikajiona sina mpinzani katika kata yetu.

Sifa zikavuka uzio. Jirani yangu Bi Somoe, mjane, mkubwa kwangu kwa umri na mtu wa heshima zake, ambaye dirisha la sebule yake na langu yanatazamana (katikati kuna mstari wa michongoma na hatua kama nane za mtu mzima), akaja kuniomba nimfungie na yeye. Nikamnunulia kidude kilekile, duka lilelile, nikamfungia, nikakijaribu kwa simu yangu mwenyewe, kikaimba vizuri. Redio yake kitufe cha sauti kiling'oka zamani, kimebaki kijiti cha chuma kinachozungushwa kwa koleo, basi nikamwambia, "Bi Somoe, nakuwekea juu hapahapa, usihangaike tena na koleo, utakuwa unapunguza kwenye simu." Akaniombea dua ndefu. Nilipotoka pale nilikuwa natembea kama injinia.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, na Bi Somoe alikuwa na wageni wa posa. Binti yake wa mwisho, Rehema, fundi cherehani, alikuwa amependana na kijana wa Kitaya, kule mtoni Ruvuma, watu wa mpunga na ufuta ambao babu zao walivuka kutoka upande wa Msumbiji, na siku hiyo wazee wa kijana walikuja kuzungumza, watano, wamevaa kanzu, wakiongozwa na babu yake, Mzee Bakari, mrefu mkimya. Upande wa binti alikuwepo baba yake mkubwa, Mzee Hamisi, aliyetoka Mtawanya. Bi Somoe asubuhi aliwasha redio akaweka kaswida za sauti ya chini, na wazee walipokaa kuanza mazungumzo Mzee Hamisi akaomba pawe kimya, Bi Somoe akaikata kaswida na blututhi kwenye simu yake, akaenda nayo uani tulikokuwa tunapika. Redio yenyewe hakuna aliyeikumbuka. Ikabaki inawaka, imenyamaza.

Mimi nilikuwa uani toka saa mbili, nimepika pilau, nimekaanga samaki, macho mekundu kwa moshi. Bi Somoe akaniambia, "Mama Nasra, vikombe vyangu havitoshi, sijui vilipotelea wapi. Huna vyako?" Nikamwambia ninavyo, nakwenda kuvileta sasa hivi. Nikaenda kwangu, nikavitoa kabatini, vile vyenye ukingo wa dhahabu, nikavipanga kwenye sinia, na hapo ndipo nilipofanya lile jambo dogo lililoniponza. Nyumba ilikuwa tupu, Baba Nasra ametoka, na jana yake nilikuwa nimepakua taarabu mpya ambayo sijaisikiliza kwenye spika. Nikasema moyoni, wimbo mmoja tu, dakika tano, chai yenyewe haijachemka.

Nikawasha redio, nikafungua simu. Simu ikanionyesha vidude viwili vyenye jina moja, nikashangaa kidogo, nikagusa cha juu. Kikakubali. Taa ya kidude changu isingeniambia kitu maana nilikuwa nimeibandika utepe mweusi, Baba Nasra alilalamika inamkonyeza usiku. Nikabonyeza wimbo ucheze.

Ukacheza, lakini kwa mbali, umefifia, kama umefunikwa blanketi. Iliniuma kweli, baada ya kazi yote ile. Nikaweka sikio kwenye spika ya kulia, kimya. Nikaweka kwenye ya kushoto, iliyo karibu na dirisha, nikaona kama ndiko sauti inakotokea (na ilitokea huko kweli, ila ilikuwa inapita dirishani). Nikaamua ya kulia imekufa na ya kushoto inaumwa. Nikapandisha sauti ya simu mpaka mwisho. Ikawa afadhali kidogo. Nikaongeza besi, nikasikia mtetemo, nikafurahi. Ikawa inakatikakatika, nikakumbuka somo la kutoweka kizuizi katikati, nikajaribu kuiweka simu mezani, kwenye kochi, juu ya friji, mwisho nikaiweka dirishani, na hapo ndipo kukatika kukaisha kabisa, nikafungua na vioo vyote hewa ipite, sauti ikaja safi. Nikajipongeza.

Huo wimbo, lazima niwaambie, ni taarabu ya vijembe. Kuna ubeti mwanamke anamwambia mgeni kwamba hiyo nguo aliyokuja kuipima ina mwenyewe, akunje mkeka wake arudi alikotoka, njia anaijua. Ubeti huo ndio una besi nzuri, kwa hiyo kila nikibadilisha kitu naurudisha mwanzo nilinganishe kabla na baada. Niliurudisha mara tatu.

Mara nikasikia hodi, ni Esha, mdogo wake Bi Somoe, anahema. Akasema, "Mama Nasra, unaitwa, redio imejiwasha yenyewe na hatujui kuizima, wewe ndiye uliyeifunga. Na vikombe."

"Imejiwashaje?"

"Hatujui. Koleo halionekani, na soketi iko nyuma ya kabati waliloliegemea wazee. Njoo upesi, Rehema huko chumbani analia."

Kwa jinsi nilivyokuwa najiona fundi, sikuuliza lingine. Nikaichomeka simu, wimbo ukiendelea, kwenye kifundo cha khanga kiunoni, nikabeba sinia la vikombe, nikamfuata. Na jamani, kadiri nilivyoikaribia nyumba ya Bi Somoe ndivyo sauti ilivyozidi kuwa nzuri. Nilipopita kwenye michongoma nikaisikia besi vizuri, nilipofika barazani nikasikia mpaka mwimbaji anavyovuta pumzi. Nawaapia, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba Bi Somoe naye ameupata wimbo huo, na redio yake imeizidi yangu. Nikaona wivu. Nimefika mlangoni na wivu wangu.

Ndani wazee wa Kitaya walikuwa wamesimama. Mmoja ameshavaa kofia yake. Mzee Hamisi alikuwa amepiga magoti mbele ya redio anabonyeza kila anachokiona, jasho linamtoka. Mzee Bakari aliongea taratibu, kwa lafudhi ile ya mtoni, akasema, "Nzee nwenzangu, usihangaike. Sisi tulikuja kuntaka ntoto kwa heshima. Kama jibu lenu ndilo hili, tumelisikia. Tumelisikia mara tatu."

Mara tatu. Nilijua ni nani katika mji huu aliyeurudisha ubeti ule mara tatu, lakini mwili ulikataa kukubali, nikajikuta nainama mbele ya redio na sinia mkononi kama mtu anayetafuta kosa, na muziki unanguruma usoni kwangu, na kwa kuwa simu sasa ilikuwa pale pale, haukwaruzi hata chembe.

Ndipo simu ikaita. Wimbo ukakatika, mlio wa simu yangu ukatoka kwenye redio ya Bi Somoe, mkubwa, nyumba nzima, na papo hapo kiuno changu kikaanza kutetemeka. Wazee wote wakaitazama redio. Halafu wakanitazama mimi. Nikahamisha sinia upande mmoja, nikaingiza mkono kwenye khanga nikate, nikabonyeza pa kupokea.

Sauti ya Baba Nasra ikajaa sebuleni, tulivu kabisa, kama anasoma taarifa ya habari. "Mama Nasra, vipi, ule wimbo wako umeshaujaribu? Spika zimekubali?"

Nikawa napapasa pa kukatia ndani ya khanga.

"Haya, labda uko jikoni. Halafu vile vikombe vya Bi Somoe tulivyoazima Idi, vya dhahabu, asubuhi nimeviona bado viko kabatini kwetu. Virudishe leo, leo ana wageni, asije akaviulizia." Akakata.

Nikaitoa simu nikaizima kabisa kabla wimbo haujarudi. Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alivitazama vikombe kwenye sinia langu, kimoja kimoja. (Nilikuwa nimesahau, wallahi, nilishaviona vyangu.) Nikakumbuka hata salamu sijatoa. Nikapiga magoti, nikaweka sinia chini, nikasema, "Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," Mzee Bakari akaitikia. "Kwa hiyo hili halikuwa jibu?"

"Halikuwa jibu, baba. Nilikuwa nyumbani kwangu hapo ng'ambo, najaribu spika. Nilidhani inatokea kwangu, naiona sauti ndogo, ndiyo maana nikawa naongeza."

"Ukawa unaongeza."

"Ndiyo, baba."

"Na kuurudia?"

"Nilikuwa nasikiliza besi."

Aliyevaa kofia ndiye aliyeanza, alijikaza akashindwa, akacheka mpaka akakaa, akafuata Mzee Hamisi akiwa bado magotini, na mwisho Mzee Bakari mwenyewe, anacheka bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Alipomaliza akafuta macho kwa ncha ya kanzu na kusema kwamba yote sawa, lakini ameshaingiwa na wasiwasi, na hataki kuondoka nao, kwa hiyo akaulizwe binti mwenyewe, siyo redio. Mzee Hamisi akaenda chumbani. Sisi tukangoja, mimi nimeinamisha kichwa nahesabu mistari ya jamvi, maana posa ile ikivunjika ningehama Likombe, wala sisemi kwa utani. Akarudi akasema, "Binti anasema wimbo haukuwa wake. Yeye jibu lake ni ndiyo."

Wakasoma fatiha, chai ikanywewa kwenye vikombe vya mwenyewe, pilau ikaliwa ikaisha. Bi Somoe hakuniambia neno mpaka wageni walipokuwa wanaaga, akapita karibu yangu akaninong'oneza, "Idi ipi, Mama Nasra, ile ndogo au ile kubwa?" Nikamwambia ile ndogo. Akatikisa kichwa akaenda zake, na kesho yake akaniletea ukoko wa pilau kwenye bakuli, nikajua nimesamehewa, au karibu.

Mzee Bakari kabla ya kupanda gari aliniita pembeni nikadhani sasa ndiyo nasemwa, kumbe alitaka kuniuliza kuhusu redio yake kule Kitaya, ambayo wajukuu wamemfungia kidude kama changu na inakoroma tu. Wiki ya harusi nilikwenda. Wajukuu walikuwa wamekificha nyuma ya redio kwenye mabati, kama nilivyofanya mimi mwanzo, nikakitoa mbele, nikachomeka upya nyaya za spika moja zilizokuwa kinyume, nikampandishia sauti ya simu, na mzee akakaa kwenye kiti chake anasikiliza nyimbo za ujana wake hadi Baba Nasra aliponikumbusha kwamba tuna safari. Sijawahi kufanya kazi ikaniridhisha vile, hata kiwandani.

Mimi nami nimeshabadilisha. Kidude changu nimekipa jina langu kamili na la baba yangu, cha Bi Somoe nimekifuta kwenye simu, utepe mweusi nimeubandua na Baba Nasra ajifunike shuka usoni, na koleo nimemnunulia Bi Somoe jipya. Muziki bado nausafisha, hilo sitaacha, raha yangu ndiyo hiyo. Lakini nimejiapiza kitu kimoja, kwamba siku sauti ikija imefifia, kabla sijaongeza hata kidogo, nitatoka nje kwanza, nisimame uani, nisikilize inatokea nyumba gani.