Theopisti na Beberu wa Masikio Mafupi

Hebu mwone Theopisti anavyoingia uwanjani, pale mbele ya kanisa, asubuhi ya maonyesho ya mifugo, jua la Mei limeshaanza kuuma. Ni mwanamke wa miaka sitini na tatu, mfupi, mikono mipana ya mkamuaji, gauni jeusi la ujane na buti za mpira. Anavuta kamba, na mwisho wa kamba yuko beberu ambaye watu wakimwona wanaweka kwanza vikombe vya kahawa chini, ili wacheke vizuri.

Kwetu kisiwani Kipro, mbuzi hutazamwa masikio. Pua ipinde kama ya kasuku, masikio yaning'inie mpaka yafagie majani anapokula. Waamuzi hupima kwa shubiri, tena hubishana. Miaka mitatu mfululizo Theopisti alishinda na beberu wake Pasha, ambaye wageni waliomba kupigwa naye picha. Huyu wa leo masikio yake yalikoma katikati ya shavu, kana kwamba kinyozi mwenye haraka alipita hapo.

"Shemeji," akaita Hambis, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye kundi kubwa kuliko yote kijijini. "Umetuletea beberu au sungura?"

"Sungura ana masikio marefu, Hambis. Vaa miwani."

"Haya, na Pasha yuko wapi?"

"Yuko zizini. Nimemhasi Jumanne."

Kicheko kikakatika. Nusu ya kijiji walikuwa wameshaweka ahadi ya kupeleka majike wao kwa Pasha. Mzee mmoja alishika kichwa kama mtu aliyesikia kanisa limeuzwa.

Ili uelewe kwa nini alifanya vile, turudi nyuma miaka tisa. Mbuzi wake mmoja alianza kujisugua ukutani. Theopisti akadhani ni chawa, akampaka dawa. Mbuzi akaendelea kujikuna mpaka manyoya yakamtoka kiunoni, akakonda ilhali anakula, miguu ya nyuma ikawa inapishana kama ya mlevi. Akafa. Wa pili akaanza. Wakaja wanaume wa ovaroli nyeupe wakachukua vipimo, wakarudi na amri: kundi lote, mia na arobaini, liuawe. Mbuzi walikataa kutoka kwa kuswagwa na wageni, maana hawakuwajua. Basi Theopisti mwenyewe akatangulia, akawaita kama anavyowaita kwenda malishoni, wakamfuata wote mpaka kwenye malori.

Hilo hajawahi kulisimulia kwa sauti. Lakini siku ile alijiapiza kwamba hatawaongoza hivyo tena.

Alianza upya na kundi jingine. Mwaka huu, kabla ya Pasaka, daktari wa mifugo, binti aitwaye Stalo, alikuja akakata kipande kidogo cha sikio la kila mbuzi, akapeleka maabara. Theopisti alimkalisha jikoni wakati anakanda jibini, akamwuliza ugonjwa huu ni mdudu gani.

"Si mdudu, mama. Wewe jibini lako unalikunja, sivyo?"

"Nalikunja, natia nanaa katikati."

"Sasa fikiria kipande kimoja kimekunjika vibaya, halafu kila kinachokigusa nacho kinakunjika vibaya, mpaka sufuria nzima. Ndivyo inavyokuwa kwenye ubongo wa mbuzi. Na huwezi kukiua kwa kuchemsha, wala kwa jua. Jike akizaa malishoni, kinabaki kwenye udongo miaka na miaka."

"Basi tumekwisha."

"Hapana. Wako mbuzi ambao asili yao haikubali kukunjwa hivyo."

Majibu yalipofika, Pasha hakuwa na asili hiyo hata kidogo. Aliyekuwa nayo, kwa baba na kwa mama, ni yule beberu kijana wa masikio mafupi, ambaye Theopisti alikuwa amemtenga kwa ajili ya kitoweo cha Pasaka. Kila mtoto wake angerithi angalau nusu ya kinga hiyo.

Sasa pale uwanjani akawaeleza hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Wakamsikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mfiwa.

"Mimi nikibadilisha kundi langu peke yangu haisaidii," akasema. "Bonde la malisho ni moja. Mbuzi zenu wanazaa pale pale wanapozaa wangu."

"Theopisti, watoto wake watafanana naye," akasema Hambis. "Nani atanunua? Nani atawatazama?"

"Uzuri wa mkakasi, shemeji. Pasha ukimpasua ndani, hana cha kukulinda. Na wewe ulikuwepo malori yalipokuja. Ulisimama pale kwenye mkuyu, ukageuza uso."

Hambis akainua kikombe, kumbe hakina kitu, akakirudisha.

Waamuzi walimpa beberu nafasi ya mwisho, na mmoja akaandika "sababu: masikio," kana kwamba kuna aliyekuwa na swali.

Agosti, majike walipoanza kutafuta dume, Theopisti alisafisha zizi la pembeni, akaweka maji, akangoja. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili pia. Akapita nyumba kwa nyumba na karatasi za maabara mfukoni. Pengine alipewa kahawa, pengine aliambiwa mwenye nyumba amelala, saa nne asubuhi. Kesho yake akapita tena nyumba zile zile, na kwa yule aliyelala akapita mara mbili. Siku ya tano Rodothea, jirani yake, akaleta majike kumi na mmoja, wote aliokuwa nao, akasema amechoka kuiona ile karatasi.

Jumapili, baada ya ibada, Hambis akaja mwenyewe. Alikuwa na mbuzi mia mbili na kumi. Alileta wawili: mmoja chongo, mwingine wa pua iliyonyooka kama ya kondoo.

"Wabaya waoane na wabaya," akasema, akatazama kando.

Theopisti aliwakagua, akawashika viwele, akafungua lango.

"Karibuni, mabibi harusi," akawaambia, kisha akamgeukia shemeji yake. "Wamebaki mia mbili na wanane, Hambis. Lango nitaliacha wazi."

Hambis akaondoka taratibu, akafika kwenye kona ya ukuta, akasimama. Nawe msomaji, ambaye labda zizi lako limejaa mbuzi wazuri wanaosifiwa na kila apitaye, kesho ungemletea yupi?